Kiu ya Virginia

Asubuhi hiyo Pamela alikuwa anapiga pasi huku anaimba. Tena nyimbo za harusi, yeye ambaye siku nyingine ukimsalimia anakujibu kwa kidevu. Sanduku la mtoto Nura lilikuwa wazi kitandani, limejaa glavu, kofia za sufu na makoti mazito, vitu ambavyo Doha huna kazi navyo hata Januari. Familia ilikuwa inakwenda kutembea Japani, na katika wafanyakazi wa nyumba ni mmoja tu aliyechukuliwa. Ndiye yeye.

Haya nimeyapata kwa Onyango, dereva wa nyumba hiyo ya mtaa wa Abu Hamour, aliyekuwa akija kwetu Al Mansoura kila Ijumaa kula ugali. Onyango si mtu wa porojo. Ukimwomba akuongezee chumvi kwenye hadithi, anakukasirikia.

Basi, safari ile haikuwa ya Pamela. Ilikuwa ya Virginia, msichana wa Gilgil, yaya wa Nura tangu mtoto anatambaa. Alimfundisha Kiswahili mpaka mtoto akawa anaota kwa Kiswahili. Pamela alikuwa mpishi. Siku Madam, mama yake Nura, aliposema kwamba msimu wa baridi atampeleka Virginia akaone theluji, Pamela alimpongeza mwenzake, akamkumbatia, kisha akaingia jikoni akakata vitunguu vya kulisha kijiji. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na nguo ya Virginia ilikuwa Pamela.

Virginia alikuwa na desturi ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Nywele zikibaki kwenye kitana hazitupwi ovyo. Unazikusanya unazichoma, asije mwenye roho mbaya akazifanyia mambo. Nyumbani ni rahisi, jiko la kuni liko hapo. Doha utawashia moto wapi? Ukiwasha kiberiti tu king'ora cha moshi kinakuita mwizi. Kwa hiyo alizifunga kwenye kitambaa, akazificha chini ya godoro, akingoja likizo azipeleke kwao. Pamela alijua, maana wao ndio waliokuwa wakisukana.

Siku moja ya Agosti, mwaka 2013, Virginia alikuwa bafuni anamwogesha mtoto. Pamela akachukua picha ya Nura, akaitoboa macho kwa sindano, akaifunga ndani ya zile nywele. Kisha akamwita Madam, anatetemeka kama kweli.

"Madam, njoo uone kilicho chini ya godoro. Mimi naogopa."

Sihiri, yaani uchawi, si jambo la mzaha kule. Madam alipiga mayowe mpaka majirani wakatoka. Virginia alijua kwamba neno lile lina jela nyuma yake, na nani angemwelewa akieleza habari za kitana? Alitoka mlango wa nyuma na simu yake mkononi, hata viatu hakuvaa. Mwenye pikapu ya mboga akamhurumia, akamshusha Umm Salal, kwenye shamba alikokuwa akifanya kazi mtu wa kwao. Mtu huyo alikuwa ameenda likizo. Shamba halina mtu, bomba limefungwa, na jua la Agosti linawaka mpaka mchanga unaunguza nyayo.

Akampigia mtu mmoja tu aliyemwamini.

"Pamela, dada yangu, nakufa kiu. Mtume Onyango aniletee maji. Usimwambie mtu mwingine."

"Ngoja hapohapo. Yuko njiani."

Akazima simu, akarudi kukaanga samaki. Virginia alingoja hapohapo, kama alivyoambiwa. Walipomkuta, midomo yake ilikuwa imepasuka na mchanga umemjaa kinywani. Habari zilifika Gilgil kabla ya maiti: mchawi wa Doha amekufa. Mama yake alizika na watu wasiojaza benchi moja la kanisa.

Huyo ndiye Pamela aliyekuwa anaimba.

Walifikia Kyoto, mji wa kale wenye mahekalu kila kona. Siku ya pili walipanda basi la watalii kwenda milimani, waone theluji na kurudi siku hiyohiyo. Kiongozi wa safari alikuwa mama mmoja mchangamfu mwenye kibendera cha manjano. Kabla ya kuondoka alipita katikati ya viti akihesabu watu kwa kidole. Akafika mwisho, akakunja uso. Akahesabu tena. Kisha akacheka peke yake na kuanza kugawa vipakiti vya kupasha mikono joto. Pamela akapewa chake. Kingine kikawekwa kwenye kiti cha pembeni yake, ambacho hakikuwa na mtu, na yule mama akakiinamia kile kiti kwa heshima.

Pamela akaona ni mila zao. Akageukia dirisha.

Basi lilipanda. Miti ikavaa nyeupe, mapaa yakavaa nyeupe, watu wakawa wanapiga picha na kushangilia. Pamela hakushangilia. Upande wake wa kushoto ulikuwa unachoma. Alivua glavu, akavua skafu, akafungua koti, na bado jasho likamtiririka mgongoni. Akaweka kiganja juu ya kile kiti kitupu. Kilikuwa cha moto kama tawa la chapati lililotoka jikoni.

Nura, aliyekaa mbele na mama yake, akachungulia kati ya viti. Tangu Agosti mtoto huyo hakuwa ametamka neno la Kiswahili.

"Virginia amekuja," akasema.

"Nyamaza," Pamela akanong'ona.

"Ana kiu."

Waliposhuka, kiongozi aliwaonya wasitoke kwenye njia, kwa sababu theluji ni ya kina. Kila mtu akanywea ndani ya koti. Nura akamponyoka mama yake, akakimbilia nyuma ya nyumba moja ya zamani yenye paa la nyasi, anacheka. Madam akamwashiria Pamela amfuate, na Pamela akamfuata.

Mbele yake palikuwa na nyayo za mtoto. Pembeni ya nyayo hizo palikuwa na nyingine. Za mtu mzima. Za miguu mitupu. Kila ulipokanyaga mguu ule theluji ilikuwa imeyeyuka hadi kwenye majani, na majani yameungua.

Pamela alitaka kurudi. Lakini mtoto alikuwa mbele.

Nura alikuwa amechuchumaa ukutani, anafinyanga mtu wa theluji. Hakuwa peke yake. Mikono mingine ilikuwa inamsaidia. Mikavu. Imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Virginia aliinua uso. Gauni lile lile la kazi. Mchanga ulikuwa unamtoka mdomoni kidogo kidogo, unaanguka juu ya theluji.

"Niletee maji, dada yangu."

Pamela alipiga magoti. Akachota theluji kwa mikono miwili, akamnyooshea. Ikageuka mchanga. Akachota tena. Mchanga, tena wa moto.

"Nisamehe," akalia. "Ni mimi. Picha ni mimi. Nilikusikia kwenye simu nikakuacha. Ni wivu, Virginia, ni wivu tu!"

Virginia alimtazama. Haikuwa sura ya mtu wa kusamehe.

"Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua." Akanyoosha kidole kuelekea walipokuwa watu. "Kamwambie Madam. Mama yangu anaitwa mama wa mchawi. Kamwambie leo, kabla hamjashuka mlimani."

Pamela akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwepo mtoto tu, amekaa, anamtazama kwa utulivu.

Alimshika mkono wakarudi. Madam alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anatabasamu. Pamela akafungua kinywa. Nia alikuwa nayo, Onyango anaamini hivyo. Lakini akaiona nyumba aliyokuwa anajenga Vihiga, imefika kwenye lenta. Akaona polisi. Akaona jela.

"Nini, Pamela?" Madam akauliza.

"Mtoto anataka chai, Madam."

Nura akatikisa kichwa polepole. Pamela akanywa chai ile yeye. Haikushuka na utamu wala umaji. Ilishuka mchanga.

Waliporudi Doha kulikuwa na baridi na mawingu, watu wamevaa sweta. Pamela alikuwa anakunywa maji jagi kwa jagi, na midomo ikapasuka. Madam alimpeleka kwa daktari. Hakuonekana na ugonjwa. Ngozi ya uso ikaanza kubabuka kama ya mtu aliyeshinda juani. Siku moja alimfuata Onyango garini, akamweleza yote, tangu kitana hadi mlimani.

"Mwambie Madam," Onyango akasema. "Mwambie sasa hivi, nikushike mkono."

"Nifungwe? Mimi, Onyango? Aliyekufa amekufa."

Onyango anasema Pamela alipotaja neno hilo kioo cha gari kilipata ukungu kwa ndani, na akasikia pumzi ya tatu. Alishuka haraka. Hana aibu kukuambia hivyo.

Kesho yake Pamela hakuonekana jikoni. Viatu vyake vyote vilikuwa vimepangwa mlangoni. Madam alikuwa anamwita nyumba nzima, na Nura akamshika gauni, akamwambia kwa Kiarabu, taratibu, habari za picha na sindano. Habari za simu pia.

"Nani kakuambia haya?"

"Virginia. Amesema sasa zamu ya Pamela."

Madam alikaa chini sakafuni. Baadaye, kwa mdomo wake mwenyewe, alipiga simu Gilgil akalia na mama wa Virginia, na kanisani jina la marehemu likasafishwa mbele ya watu wote. Hilo lilitendeka, na mimi nafurahi lilitendeka. Wengine watasema ilikuwa kazi ya roho mbaya. Waseme.

Pamela alipatikana Umm Salal, shamba lile lile. Onyango aliitwa kumtambua, na manyunyu yalikuwa yanaanguka. Ngozi imeungua. Macho yamekauka. Daktari alisema joto na kiu ndivyo vilivyomuua, kisha akatazama mvua nje. Mdomo wa Pamela ulikuwa wazi kabisa, umeshindiliwa theluji mpaka kooni. Nyeupe, safi, ngumu. Walijaribu kuitoa kwa vidole, ikakataa. Walisema itayeyuka yenyewe.

Onyango ndiye aliyemsindikiza nyumbani. Kutoka uwanja wa ndege hadi Vihiga jeneza lilikuwa linadondosha maji baridi njia yote, mpaka waliokaa karibu nalo wakainua miguu. Walipolifungua kwa ajili ya kuaga, theluji ilikuwa bado imejaa, haijapungua hata kidogo. Mama yake aliinama, akaigusa, akauliza watu wa Doha walikuwa wamempa nini mtoto wake.