Usukani Uliopinda Kushoto

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine huko Ruisui, mji mdogo chini ya milima. Mvua nyembamba, harufu ya maua ya mibalungi, redio ikikoroma juu ya boksi la spana. Fundi Jung-fa alikuwa akinywa maziwa yake ya soya pale kigari cha bluu cha rafiki yake, marehemu Tseng, kilipoingia tena gereji.

Po-hsun, mtoto wa marehemu, alishuka akabamiza mlango. Mama yake, Bi A-chin, alibaki kitini, mikono mapajani.

"Baba mdogo, bado linatetemeka."

"Haiwezekani."

"Basi ninayetetemeka ni mimi."

"Wewe ulianza zamani. Ulikuwa ukiona jembe tu, mwili mzima unatetemeka."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliozika juzi.

Jung-fa alikuwa ameshajaribu kila kitu. Alibalansi magurudumu. Alibadilisha tairodi, vyuma vinavyounga usukani na magurudumu, pande zote. Alipandisha gari kwenye jeki akatikisa kila gurudumu kwa mikono yake, akitafuta beringi iliyolegea. Hata alaimenti aliipiga, kunyoosha magurudumu na usukani, jambo ambalo rafiki yake hakuwahi kumruhusu. Miaka yote usukani wa Tseng ulikaa kushoto, upana wa kidole, na akiambiwa unyooshwe alijibu, "Mgongo wangu umepinda, usukani wangu umepinda. Tunaelewana. Wewe unataka kutugombanisha?"

Sasa ulikuwa umenyooka. Jung-fa kila akiutazama alihisi kama amemvua rafiki yake viatu akiwa usingizini.

"Kesho nalipeleka kwa wakata vyuma," Po-hsun alisema. "Nimeshamzika baba. Sitamzika na mama kwa sababu ya kopo hili."

Ndipo Bi A-chin akafungua mdomo. "Mkilikata, atarudi na nini? Hajafika, shemeji."

Kila jioni alikuwa akirusha vipande viwili vya mbao vya kuulizia wafu mbele ya picha ya mumewe, akimwuliza kama roho yake imefika nyumbani. Kila jioni vyote viwili vilianguka kifudifudi. Hapana.

Mzee Tseng alifia hospitali, mjini Hualien. Walimrudisha kwa gari lake mwenyewe, chungu cha ubani mapajani pa mkewe, na kila walipofika kwenye daraja Po-hsun alitoa kichwa dirishani akaita, "Baba, tunavuka daraja!" ili roho isipotee, ikabaki ng'ambo peke yake. Hakuruka hata moja. Aliapa hivyo. Na mtetemo ulianza siku ileile.

Jung-fa aliweka kikombe chini. Alikuwa ameuliza linatetemeka kwa mwendo gani. Aliuliza kuhusu breki, aliuliza kuhusu kona. Hakuwahi kuuliza wapi.

"Tukishapita ile mipopoo," Po-hsun alijibu. "Tukirudi tu kutoka mjini. Tukienda, kimya."

"Nipe funguo."

Walikwenda wote watatu, wamebanana mbele. Waliipita mipopoo, wakageuza gari, wakaanza kurudi. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani na kulala barabarani. Jung-fa alishika usukani kwa vidole tu, kama mganga anavyoshika mkono wa mgonjwa.

Ukaanza.

Mtetemo wa tairi hukua na mwendo. Alipunguza mwendo. Mtetemo ukaongezeka. Wa breki huja ukikanyaga. Hakukanyaga. Wa beringi huimba kwenye kona. Barabara ilikuwa imenyooka kama uzi.

Akapunguza tena. Gari likatambaa. Usukani ukatikisika hadi meno yake yakagongana.

Akasimama. Haukuacha.

"Zima," Po-hsun alinong'ona.

Akazima. Injini ikafa. Vipangusa kioo vikasimama katikati.

Usukani uliendelea kutetemeka.

Haukutetemeka kama chuma. Ulitetemeka kama mikono ya mtu aliyesimama kwenye baridi muda mrefu. Jung-fa aliachia. Ukaendelea bila yeye. Bi A-chin alinyoosha mkono wake mdogo akaugusa, akauacha mkono pale.

"Ni yeye," alisema.

Katika kimya kile Jung-fa akasikia kitu. Maji. Hayakuwa ya mvua. Yalikuwa chini yao.

Alishuka, akapiga magoti kwenye ukingo wa barabara, akatenga nyasi. Chini ya lami kulikuwa na tao la mawe meusi, na kijito chembamba kikipita gizani.

"Shemeji, hapa palikuwa na nini?"

Bi A-chin alifikiri. "Daraja. Kabla hawajapanua barabara. Alikuwa akivua kamba wa mtoni hapa, utotoni." Akamgeukia mwanawe. "Hukuwa umezaliwa. Usingeweza kujua."

Po-hsun alikuwa ameshatoa kichwa dirishani. Sauti ikatoka imepasuka.

"Baba! Tunavuka daraja! Njoo, baba, tunavuka!"

Mlima ukairudisha sauti. Halafu ukungu ukaimeza.

Usukani ukatulia.

Jung-fa akawasha gari, akawapeleka nyumbani. Jioni ile Bi A-chin alirusha vipande vyake. Kimoja kikaanguka kifudifudi, kimoja chali. Ndiyo. Alikaa sakafuni akalia kama mtu aliyefiwa dakika ileile. Po-hsun hakuwataja tena wakata vyuma.

Gari lililala gereji. Kulipopambazuka, kabla hajawasha redio, Jung-fa alilipandisha kwenye mashine ya alaimenti, kwa kujiridhisha tu. Mashine ikaonyesha magurudumu yamenyooka kabisa. Hakuna nati iliyoguswa.

Lakini usukani ulikuwa umekaa kushoto. Upana wa kidole.

Alitaka kuurudisha katikati. Akaushika, akaondoa mkono haraka. Gari zima lilikuwa la baridi, kioo kimejaa umande.

Usukani ulikuwa na joto, pale viganja vinaposhika.