Mvuke wa Kwanza

Tukubaliane mapema: mjinga wa siku ile alikuwa Inspekta Jorma Ruokolainen, na ujinga wenyewe alitoka nao kituoni akiwa ameupiga pasi pamoja na shati.

Maiti ilikuwa imejikunja chini ya benchi, ndani ya sauna ya moshi, kibanda cha kuogea mvuke, kando ya ziwa, alasiri ya mkesha wa sikukuu ya kiangazi. Veikko Hukkanen, mgeni kutoka Helsinki. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya mtu aliyetoka kupigwa busu. Mlangoni, kreti ya bia nusu tupu.

"Moyo," Inspekta alitangaza. "Bia, joto, na umri. Kila mwaka hatukosi mmoja."

Urho, kaka wa marehemu na mwenye sauna, aliitikia kwa kichwa tu.

Mke wa marehemu, Sirkka, alikuwa kwenye ngazi ameshika kichwa. Alikuwa ametoka ndani mapema, akiona kizunguzungu. Sasa alitapika kando ya ndoo.

"Kichwa kinapasuka, Inspekta. Pumzi haitoshi."

Gari la wagonjwa lilikuwa mbali likiokota walevi wa sikukuu. Ruokolainen akatoa garini kipimo cha oksijeni, kile cha kubana kidoleni. Tisini na nane kwa mia.

"Mama, una hewa kuliko mimi! Pole kwa msiba. Lakini hii ni bia. Kunywa maziwa ya mgando, ukalale."

Sirkka akaenda kulala.

Jioni, jua bado likiwaka, simu ililia. Ilikuwa Daktari Marjut Tirkkonen, aliyekuwa akiichunguza maiti.

"Jorma, damu yake ni nyekundu kama juisi ya beri. Ni kaboni monoksidi, hewa ya makaa. Nani mwingine alikuwa mle ndani?"

"Mkewe. Lakini yeye mzima, kipimo kilisoma tisini na nane..."

"Nisikilize. Chembe nyekundu za damu ni wapagazi. Mapafuni wanabeba oksijeni, wanaishusha mwilini, wanarudi na hewa chafu uitoe kwa pua. Hewa ya makaa ikiingia, inawapanda mabegani na haikubali kushuka. Oksijeni inabaki mlangoni. Kipimo chako kinaona wapagazi wenye mzigo, hakiulizi wamebeba nini. Umemweka wapi huyo mama?"

"Nimemwambia akalale."



"Basi kimbia," daktari alisema.

Yeye na watu wa gari la wagonjwa walimkuta Sirkka haamki hata kwa kutikiswa. Alipovalishwa barakoa ya oksijeni safi na kupakiwa, Ruokolainen alisimama uani mikono ikining'inia, akishindwa kumtazama hata dereva.

Kisha akamgeukia Urho.

"Moto ulizimika lini?"

"Mapema."

"Mvuke wa kwanza ulimwaga?"

Hapo hakukuwa na haja ya maelezo. Sauna ya moshi haina dohani. Makaa yakishakufa, unamwagia mawe ya tanuri maji, mlango na tundu la moshi vikiwa wazi, watu wakiwa mbali. Mvuke huo unafukuza hewa mbaya. Hauogwi na mtu.

"Inspekta, nawasha sauna hii tangu nina meno ya utoto."

"Sikukuuliza meno."

"Nilimwaga."

Ruokolainen akaingia, akapiga magoti, akachokoa tanuri. Alitoka na kiganja cha makaa meusi, mazima, yanayochuruzika maji.

"Makaa yakifa yenyewe yanaacha majivu, Urho. Haya yamezamishwa."

Urho akakaa chini, palepale kwenye nyasi.

"Alinicheka," alisema. "Mbele ya majirani. 'Kwetu tunabonyeza kitufe, sauna tayari. Wewe umo humo unaatamia mayai?' Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia, haya, ingieni."

"Makaa yakiwa bado yanawaka."

"Kidogo tu. Nilidhani watavumilia."

"Ulipomkuta amekufa?"

"Nikamwagia makaa ndoo ya maji, nikafungua tundu. Kijiji kizima kinaniita mimi niwawashie sauna. Ningeuweka wapi uso?"

"Na shemeji yako akitapika mbele ya macho yako?"

Urho aling'oa jani moja, akalikunja, akalikunjua.

"Wewe ulisema ni bia. Nikaona basi, na iwe bia."

Masikio ya Inspekta yaliwaka moto.

Kesho yake Sirkka alifumbua macho. Urho aliomba amwambie kwa mdomo wake mwenyewe, na Ruokolainen akampeleka, maana hata yeye alikuwa na la kusema. Waliungama wote wawili miguuni pa kitanda, kofia mikononi. Halafu, kwa aibu ya wanaume wasiojua pa kuiweka, wakaanza kuvutana.

"Ni mimi niliyemwambia akalale," alisema Inspekta.

"Hata mimi nisingethubutu kumwambia hivyo," Urho akadakia. "Askari mzima, na kipimo mkononi!"

"Askari hakuwasha sauna!"

"Lakini askari ndiye aliyesema bia!"

Sirkka alishusha barakoa hadi kidevuni. Akavuta pumzi moja, polepole, akaitoa.

"Shemeji, ulijua ukanyamaza. Inspekta, hukujua ukasema. Sasa tokeni, mnanimalizia hewa."