Kionjamaji Hakikuona Mtu

Kionjamaji kilipanda Mto Lukwale asubuhi kama kambale aliyeshiba, taratibu, tumbo likigusa mchanga. Urefu wake kama wa mtu aliyelala. Chini ya kidevu kilining'iniza ndimi nyembamba za bati, kila ulimi na kazi yake: huu unaonja chumvi, huu rangi za viwandani, huu kinyesi, huu sumu. Mgongoni kilikuwa na macho manne ya kutazama kingo, kione nani anautumia mto na kwa kazi gani. Kikishaonja kinasema palepale, kwa sauti ya kike kama ya mtangazaji, na kilichosema ndiyo sheria. Jiji la Nangoro lilishaacha kubishana na mashine siku nyingi.

Mtaa wa Mitondi ndio uliokiita. Miaka nenda rudi watu wake walisumbua Ofisi ya Mito: kipande chetu kipandishwe daraja, kiwe chanzo cha maji ya kunywa, kilindwe. Kule juu kulikuwa na kiwanda cha rangi. Leo maji yanashuka mekundu, kesho ya bluu, keshokutwa samaki wanaelea tumbo juu. Mchopa ndiye aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote kwenye mikutano. Shule aliiacha mapema, lakini mdomo hakuuacha huko.

Basi ilipojulikana kionjamaji kinakuja, Mitondi wakafanya kile ambacho Mitondi wangefanya kwa mgeni yeyote. Wakafagia. Mama yake Mchopa, Bi Mwaija, ndiye aliyeanza.

"Mgeni hapokelewi kwa vyombo vichafu," alisema, akaingia majini na khanga kiunoni, akaanza kung'oa nyua za miti ambamo wanawake walikuwa wakiloweka mihogo michungu tangu enzi za bibi zao.

Wengine wakafuata. Magunia ya mihogo yakatolewa, mawe ya kufulia yakabingirishwa vichakani, hata nyayo za mchangani zikapitishiwa fagio. Watoto wakafungiwa ndani. Siku yenyewe mtaa mzima ulijibanza nyuma ya msikiti, mtu asionekane akautia mto aibu.

"Kipande cha Mitondi," sauti ya kionjamaji ikasema. "Maji yanafaa. Rangi inatoka juu, izuiwe. Watumiaji hakuna. Daraja la kwanza: chanzo cha maji ya kunywa."

Vigelegele. Bi Mwaija alicheza mpaka kilemba kikadondoka. Lile neno la katikati hakuna aliyelisikia, au walilisikia likapita kama upepo.

Kiwanda kilifungwa kweli, hilo lisemwe. Maji yakawa meupe. Halafu vikaletwa vilindamto.

Hivi ni vyuma vyenye miguu mirefu kama korongo, vinasimama ukingoni usiku na mchana. Ukisogea, kinakwambia rudi. Usiporudi kinakurushia utomvu wa kijani, na ule hautoki ngozini wiki nzima. Mwenye kijani hapandi basi, hafunguliwi mlango wa zahanati. Maji ya Lukwale yakavutwa kwa bomba mpaka majumba ya mlimani. Mitondi wakapewa mgao: bomba moja, linatoka asubuhi kidogo, linakohoa, linanyamaza.

Mchopa akaenda Ofisi ya Mito. Akampata Mhandisi Rwehumbiza, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa.

"Ndugu yangu, sheria inawalinda watumiaji wa asili," mhandisi alisema. "Lakini lazima kionjamaji kiwe kimewaona siku ya kuonja. Nyinyi hamkuonekana."

"Tulijificha ili mto uwe safi."

"Naelewa."

"Huelewi. Ukija kwangu nikakufagilia uwanja, ukienda utasema kwa Mchopa hakai mtu?"

"Mimi siwezi kukibadilisha. Kitaonja tena baada ya masika."

"Na mpaka hapo tule nini, mheshimiwa? Tule daraja la kwanza?"

Rwehumbiza akatazama meza yake. Mchopa akatoka, mlango akaubamiza mpaka watu wa foleni wakageuka.

Mihogo ya Mitondi ni michungu kwa makusudi. Nguruwe pori hawaigusi. Lakini ina sumu, na sumu yake haitoki mpaka ikae siku kadhaa kwenye maji mengi, yanayopita. Sasa ilikuwa inalowekwa kwenye ndoo. Yale maji ya ndoo ndiyo hayohayo ya kunywa, kwa hiyo mihogo ikawa inatolewa kabla ya wakati, inaanikwa, inatwangwa, inaliwa. Kila mtu alijua haijaiva majini. Njaa nayo ilijua.

Somoe, dada yake Mchopa, alikuwa fundi cherehani, mwenye mdomo kama kaka yake. Asubuhi moja aliamka akashusha miguu kitandani, ikakataa kukunjika.

"Mchopa, njoo uone miguu yangu inavyoringa," aliita, bado akicheka.

Jioni hakucheka. Vidole vilikuwa vimejipinda chini kama vya kuku aliyekufa. Daktari wa zahanati aliyagonga magoti, akauliza wanakula nini, akavua miwani.

"Ni sumu ya mihogo. Imekula mishipa inayoamuru miguu."

"Itafunguka lini?" Bi Mwaija aliuliza.

"Mama, hii haifunguki."

Bi Mwaija akakaa chini sakafuni, hapohapo. "Mimi ndiye niliyepika," alisema.

"Usianze, mama," Mchopa alisema. "Usiwafanyie Ofisi ya Mito kazi ya kutulaumu."

Masika yalipoisha kionjamaji kikaja. Rwehumbiza alifika mapema na buti za mpira, akaukuta mtaa mzima umejaa ukingoni na magunia. Mchopa alikuwa amembeba Somoe mgongoni. Vilindamto vilipayuka na kurusha, na watu waliendelea kushuka, kijani nyusoni, kijani kwenye khanga, wanafuta macho wanashuka.

Mhandisi akamkimbilia Mchopa. "Nisikilize, kaka. Mkiingiza mihogo, ulimi wa sumu utaikuta. Kipande kitashushwa daraja. Kikishushwa, kiwanda kitafunguliwa keshokutwa. Watu wa mlimani watapata maji kwingine. Nyinyi mtakunywa rangi."

"Kwa hiyo tukionekana tunakunywa rangi, tusipoonekana tunakula sumu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

"Tafuteni njia ya tatu. Nitaandika barua, nitapigana..."

"Barua zako zina miguu?" Somoe aliuliza kutoka mgongoni. "Kama zinayo, niazime."

Kionjamaji kilikuwa kinakata kona, ndimi zinachezea maji. Mchopa alihisi uzito wa dada yake, ile miguu miwili mikavu ikimgonga mapajani, na kiwanda alikiona pia, vizuri tu, maji mekundu yakishuka tena. Aliyapigia kelele maji yale nusu ya maisha yake.

"Niingize," Somoe alisema.

Akaingia. Maji yakamfika kifuani, yakamfika Somoe kiunoni. Nyuma yao Bi Mwaija alifungua gunia, akamwaga mihogo yote mbele ya yale macho manne.

"Tazama sasa," Mchopa alikiambia kionjamaji. "Tazama mpaka ushibe."