Dozi ya Kimya

"Abiria wa saa tatu na nusu, mlango namba sita! Namba sita, jamani, si namba tisa. Someni tiketi zenu, hazikuandikwa kwa siri!"

Ukumbi mzima wa kituo cha mabasi ukacheka. Mwenye gauni la kijani hakucheka. Alisimama katikati ya mabegi na magunia, miwani ya jua juu ya nywele, akainua uso kuitazama spika iliyotundikwa ukutani.

"Dada, twende, basi litaniacha," mdogo wake alimvuta mkono.

"Subiri kidogo. Unasikia anavyokwaruza?"

"Nani?"

"Huyo anayetangaza. Koo limekwisha."

Mdogo mtu akasikiliza, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. "Mungu wangu! Si Spika huyo? Spika wako?"

"Sina changu pale," alijibu, lakini macho hayakubanduka kwenye spika.

Basi tuseme ukweli. Mji mzima ulimwita yule mwanamume Spika kwa ajili ya kazi yake, na yeye alimwita huyu binti Sikio, kwa sababu hakuna kilichompita. Ukikohoa chumba cha pili, Sikio atakwambia umekunywa maji baridi. Ndiyo maana alikwenda ng'ambo miaka minne kusomea tiba ya sauti na usemi, fani ambayo kwao hapakuwa na chuo hata kimoja cha kuifundisha. Waliagana kwa ahadi ya simu kila Jumapili, na simu zenyewe zilikuwa nusu mapenzi, nusu darasa.

"Sema aaa mpaka pumzi iishe, mpenzi. Narekodi, ni kazi ya mwalimu."

"Nakupendaaaaaa..."

"Hiyo si aaa niliyoiomba!"

"Ndiyo hiyo hiyo. Imekuja na jamaa zake."

Mwaka wa pili Spika alifiwa na mama yake. Sikio hakuweza kurudi, wakalia kwenye simu saa mbili nzima. Miezi miwili baadaye alimtumia video akiwasilisha mradi wake chuoni, ukumbi umesimama unampigia makofi, akaweka na vijimoyo vyekundu kumi. Akaona imefunguliwa. Akasubiri pongezi. Kuanzia siku hiyo, kimya. Alipiga mara arobaini, mwisho namba ikawa haipatikani kabisa. Mdogo wake akamwambia amemwona Spika akitembea na mkata tiketi mmoja, wamejifunika mwavuli mmoja. Kumbe ndiyo hivyo! Sikio akala kitabu kwa hasira, akafaulu kuliko wote, akarudi nyumbani na cheti mkononi na nyongo kifuani.

Mlango wa kibanda cha matangazo ukafunguliwa. Spika alitoka na glasi yake ya maji, shati la bluu limekunjwa mikono. Macho yao yakagongana.

"Sikio," alisema. Hata jina lenyewe lilitoka limechubuka.

"Una vinundu kwenye nyuzi za sauti," Sikio alimwambia, salamu hakuna. "Ni sugu, kama za kiganja cha mkulima. Endelea kupiga kelele, na mwaka hautaisha hujaanza kutangaza mabasi kwa ishara."

Spika alikunywa funda moja la maji. "Na wewe hujambo," akamjibu, akarudi ndani na kufunga mlango.

"Umeona jeuri hiyo?" Sikio alimgeukia mdogo wake. "Ngoja. Aombe Mungu nisimpate. Nitamwonyesha kilichomtoa kanga manyoya."

Na Mungu naye, sijui alikuwa anamsikiliza nani siku ile, maana Alhamisi asubuhi Spika alikaa mbele ya meza yake kliniki. Alikuwa na barua mbili. Moja ya daktari wa koo: vinundu viwili, hakuna haja ya kukata, apelekwe tiba ya sauti. Nyingine ya meneja wa kituo, iliyoandikwa wiki moja kabla: apewe mwezi mmoja, asipoleta barua ya mtaalamu kuthibitisha sauti imepona, kibanda atapewa mwingine. Na mtaalamu wa sauti katika mji ule alikuwa mmoja tu.

Sikio alizisoma barua zote polepole, moyoni akipiga vigelegele. Kilichomtibua ni mwanamke aliyeingia naye. Sare ya mkata tiketi, kucha nyekundu, amemshikia Spika koti lake. Ndiye huyo wa mwavuli!

"Dawa yako ni kimya," Sikio alisema, kalamu mkononi. "Usiseme, usinong'one, usiimbe bafuni. Ukitaka kitu, andika."

"Kwa muda gani, daktari?" mwanamke aliuliza.

Vitabu vyote alivyosoma vilisema siku tano, na wiki moja ni kwa mgonjwa mbishi. Sikio alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Huyu? Si bora umfunge jela tu?"

"Ataweza. Ana kipaji cha kunyamaza huyu. Kuna watu amewanyamazia miaka miwili, na hakupungua hata kilo."

Spika aliinua macho, akafungua mdomo. Sikio akanyoosha kidole: "Kimya kimeshaanza." Akaufunga mdomo wake.

Halafu ikaja zamu ya mrija. Ni zoezi halali kabisa, linapumzisha koo, na mgonjwa aliyekatazwa kusema anaruhusiwa dakika tano mbele ya mtaalamu: unatia mrija ndani ya glasi ya maji, unapuliza huku ukitoa sauti nyororo ya uuu, na mapovu yanapanda. Lakini halina ulazima wa kufanyiwa kwenye mlango wa kioo unaotazamana na benchi la wagonjwa. Sikio alimweka hapo hapo.

"Puliza. Zaidi. Mashavu yalegee. Unaogopa nini, mwanamume mzima?"

Mapovu yakapanda, yakamrukia kifuani. Benchi likacheka. Spika alipuliza mpaka dakika tano zikaisha, akajifuta kidevu kwa heshima zake, akaandika kwenye kidaftari: *Asante, daktari.* Sikio alitamani Spika angemtukana.

Jioni mdogo wake alipiga simu. "Niambie! Amelowa?"

"Mpaka kwenye mkanda."

"Dada, wewe ni shetani."

"Nimesomea."

Wakacheka mpaka machozi. Ila nesi mkuu wa kliniki, mama mmoja asiyeficha neno, alishaiona kadi ya Spika. "Wiki tatu umezitoa kitabu gani, mwanangu?"

"Chake peke yake."

"Haya. Cheti ni chako, na siku kikichukuliwa ni chako vilevile," nesi alisema, akaendelea kuhesabu glavu zake.

Wiki ya pili mwanamke wa kucha nyekundu alibaki nyuma Spika alipotoka. "Daktari, nikuulize. Huyu kijana umemjua zamani?"

"Na wewe mke wake unataka kujua ili iweje?"

"Mke!" Mwanamke alishika kiuno, akacheka mpaka kiti kikalia. "Mimi mama yake mdogo! Nimemzidi miaka sita tu, ndiyo maana watu wanachanganya. Tangu tumzike dada yangu nimehamia kwake, tunafanya kazi pamoja, tunarudi pamoja. Mke ampate wapi? Anatembea na kidonda."

"Kidonda gani?"

"Akishafunguliwa mdomo, muulize mwenyewe."

Sikio aliona aibu, lakini hasira haikutoka. Kama hakuna mwanamke, basi ndiyo mbaya zaidi, maana alimwacha bure! Kadi ilikuwa mezani. Angeweza kufuta wiki iliyobaki kwa mstari mmoja wa kalamu. Hakufuta.

Siku ya ishirini na moja Spika alikuja peke yake, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mistari inaonekana. Mwezi wa meneja ulikuwa umebakiza siku mbili. Sikio alivuta kiti, akakunja mikono.

"Haya. Kimya kimekwisha. Nina swali moja, na barua yako iko kwenye droo hii. Kwa nini uliniacha?"

Spika alitoa simu mfukoni, akaiweka katikati ya meza, akabonyeza.

Ilikuwa video ile ile. Sikio kwenye suti ya kijivu, mbele ya ukumbi, anazungumza lugha ya wenyeji wa huko. Mara akanyoosha mkono, na spika za ukumbi zikatoa sauti ya mwanamume analia. "Mama... mama, sijamaliza kukwambia... mama..." Sauti inapasuka, inakatika, inarudi. Na Sikio wa kwenye video anaelekeza kijiti kwenye mistari iliyochorwa ukutani: hapa inakatika, hapa, na hapa. Wanafunzi wanaandika. Mwalimu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu makofi.

Sikio alikuwa ameitazama video ile mara mia, na mara zote alikuwa akijitazama yeye tu.

"Lugha yao sikuielewa," Spika alisema. Sauti ilitoka safi, nzito, kama ya zamani. "Lakini kilio changu nilikijua. Nilikuwa nalia kwako, Sikio. Sikuwa nalia darasani kwenu."

"Uliniruhusu kurekodi..."

"Niliruhusu aaa."

Sikio aliigeuza simu kifudifudi. "Kwa nini hukunitukana? Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sauti ipi? Ile mliyoipigia makofi? Nilisema, huyu anaishi kwa kusikia. Nikitaka kumkomesha, nimnyime cha kusikia. Nilikulipiza kisasi, na nilikifurahia. Siku moja moja nikaumia, lakini nilikifurahia."

"Na mimi pia." Sikio aliinama. "Siku tano zilikutosha. Hizi nyingine zilikuwa adhabu."

"Najua. Nesi wako aliniambia siku ya nne."

"Halafu ukaendelea kunyamaza?"

"Nilitaka nione nani atachoka kwanza."

Sikio alifungua droo, akatoa barua, akatia sahihi, akagonga muhuri. *Sauti imepona kabisa.* Akaisukuma upande wake. "Hii ni haki yako, haina masharti. Sasa niambie nikulipe nini."

Spika alikunja barua mara mbili kabla ya kujibu. "Kesho saa nne asubuhi, njoo kibandani. Utasema yote uliyonifanyia kwenye kipaza sauti, kituo kizima kikusikie. Kama mimi nilivyosikiwa."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mdogo wake alipoambiwa, alipiga kelele kwenye simu: "Usiende! Na hizo wiki tatu utazitaja? Si watakunyang'anya cheti? Miaka minne, dada!"

"Nitazitaja."

"Wewe umerogwa?"

"Aliyerogwa angekwenda bila kuogopa. Mimi naogopa."

Alikwenda. Gauni lile lile la kijani, safari hii bila miwani. Nyuma ya kioo cha kibanda ukumbi ulikuwa umefurika. Spika alimpa kiti chake, akamsogezea kipaza sauti, mkono wake ukapita kwenye swichi upande wa pili wa meza. Akamwashiria kwa kichwa: sema.

"Abiria," Sikio alianza. "Mimi ni mtaalamu wa sauti. Mwanamume anayewatangazia mabasi alinililia siku alipomzika mama yake, na mimi nikakichukua kilio chake, nikakifanyia mtihani. Nilipata alama za juu. Aliponinyamazia nikasema ni katili. Alipokuja kwangu mgonjwa, nikamfunga mdomo wiki tatu badala ya siku tano, kwa makusudi, nikamfanya achekwe na watu. Nimejua nilichofanya. Nisamehe. Mama yako alinipenda, na hata yeye nilimtia kwenye mtihani..."

Hapo sauti ilimkatika. Alilia kilio cha kamasi, mabega yanaruka, akijua kila mpanda basi anasikia, akijua kuna mtu pale anayemjua mkubwa wake kazini. Hakuondoa mdomo kwenye kipaza sauti mpaka alipomaliza.

Kisha akainua uso kwenye kioo.

Watu walikuwa wanafunga mizigo. Mwanamke mmoja alikuwa anamfunga mtoto kamba za viatu. Mzee amelala, kofia usoni. Mama mdogo yuko dirishani kwake anagombana na abiria juu ya chenji. Hakuna aliyegeuka. Sikio akatazama swichi. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa imezimika.

"Hukuwasha," alisema.

"Nilizima ulipokaa."

"Lakini ulisema... Hiki ndicho kisasi chenyewe?"

"Ndicho. Kilio cha mtu hakiwekwi kwenye spika."

Angempiga kofi, lingemuuma kidogo kuliko maneno hayo. Sikio alijifunika uso kwa viganja vyote viwili na kuanza kulia upya. Spika alimwacha alie. Halafu akachukua glasi yake ya maji, akatia mrija ndani, akaiweka mbele yake.

"Puliza. Mashavu yalegee. Unaogopa nini, mwanamke mzima?"

Sikio alipuliza huku analia, mapovu yakamrukia gauni la kijani, cheko likamtoka pamoja na kamasi, akaona aibu, akapuliza tena.

Saa ikafika. Spika aliinama juu ya bega lake, akawasha swichi, taa ikawaka. "Abiria wa saa nne na nusu, mlango namba mbili! Mzee mwenye kofia, amka baba, hilo ni basi lako!" Sauti ilitambaa ukumbi mzima bila kukwaruza popote, na mzee akaruka akiokota fimbo yake.

Sikio alisikiliza mpaka neno la mwisho, macho ameyafumba.

Spika akazima, akahakikisha taa imezimika. "Nitakupigia Jumapili, Sikio," alisema. "Lakini usirekodi."