Barua Zilizokuwa Chini ya Sakafu

Ndugu zangu wa Duluth, nyumba ya Mzee Orrin Lindqvist mnaijua. Asubuhi ilinukia kahawa na mikate ya mdalasini, na mkewe, Mama Ardis, akikaa dirishani kutazama theluji ikiangukia ziwa. Mimi nilikuwa msaidizi wao. Aliyekosekana ni binti yao Solveig, aliyeondoka baada ya kugombana na baba yake. Mlangoni alimwambia mama, "Nikitulia nitaandika baruapepe. Anwani yetu ileile ya zamani."

Mzee alikuwa fundi wa kompyuta mstaafu. Chini ya nyumba aliweka seva yake, kompyuta ya kupokea barua, akaiagiza kila robo saa iende kwenye sanduku la zamani la baruapepe, izoe barua zote, izilete nyumbani, na kule izifute. Alijisifu wiki nzima.

Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine.

"Orrin, hebu katazame tena."

"Nitazame nini, mke wangu? Seva haijalala hata dakika moja."

"Mimi sikuulizi usingizi wake. Namuulizia mwanangu."

"Angeandika, ingefika. Ametususa huyo, basi."

Mama akanigeukia. "Unamsikia? Kakaa na mashine mpaka anaongea kama mashine." Akacheka kidogo, macho yakarudi dirishani. Alikuwa mgonjwa tayari. Mwezi wa tatu tukamzika.

Wiki ya pili baada ya mazishi nilimshushia Mzee supu. Shule yangu iliishia ya msingi, lakini kusoma najua. Alipofungua tu seva, mstari ukatokea kwenye kioo.

"Mzee, imeandika una barua."

"Achana nayo, binti. Huandika hivyo kila siku. Hilo ni sanduku la mkuu wa mashine. Seva inajipigia kelele yenyewe."

"Umewahi kulifungua?"

Akalifungua.

Katikati ya maelfu ya taarifa za seva mlikuwa na barua tisa za Solveig. Siku ile ya kuiagiza seva, Mzee alisahau kuandika jina la mpokeaji, na seva ikazikabidhi kwa mkuu wa mashine. Mkuu mwenyewe ni yeye.

Ya tatu ilisema: "Mama, nimejifungua mtoto wa kike. Nimempa jina lako. Nipigie nimlete." Namba ilikuwepo. Ya tisa: "Nimeelewa kimya chenu. Sitawasumbua tena."

Mzee alipiga simu. Nilisikia sauti ya mwanamke, na nyuma yake mtoto akicheka.

"Solveig, ni baba."

"Baba? Nipe Mama kwanza. Nipe Mama."

Supu ilipoa pale pale.

FUNZO

Ndugu zangu, chombo kufanya kazi si sawa na ujumbe kufika. Ufuate mpaka mkononi mwa anayeusubiri. Na mwenzako akikuomba ukatazame tena, nenda, hata kama una hakika. Kwa Mzee Orrin zilikuwa ngazi kumi na mbili tu za kushuka.