Waliokwisha Kukaribishwa

Mtoto alikuwa bado mgongoni mwa mama yake, hatua kumi kutoka mlangoni, na Kipokezi, mashine ya mapokezi ya hospitali, kilikuwa kimeshajua kwamba ana homa. Jicho lake la kioo lilisoma joto la mtoto kutoka mbali, likahesabu mapigo ya moyo, likapima pumzi. Mama alipopiga hodi, mashine ilimjibu kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, ikimkaribisha na kumpa pole. Kitanda chenye magurudumu kikajisogeza chenyewe kutoka ukutani. Dakika nne baadaye mtoto alikuwa na dripu mkononi.

Pelagia Nkwabi, mkaguzi wa mikataba ya serikali mkoani Tabora, aliandika kwenye daftari lake: asubuhi, watu wakiwa wachache, inafanya kazi vizuri. Hakupenda kuanza ukaguzi kwa kutafuta ubaya.

Hospitali ilikuwa ya serikali, lakini kwa miaka mitatu iliendeshwa kwa mkataba na kampuni iitwayo Tulizo. Wauguzi waliondoka, mashine zikaingia. Kesho, Ijumaa, mkataba huo ungeongezwa hadi hospitali nyingine kumi na moja, isipokuwa kama mkaguzi angepeleka taarifa ya ukiukwaji kabla ya saa tisa alasiri.

Ndani ya mkoba wake alikuwa na barua iliyoandikwa kwa mkono na Mzee Kashindye Maganga, mfuga nyuki. "Mke wangu Limi aliingia hapo saa mbili asubuhi akishika kifua. Saa tisa alasiri walimkuta kwenye benchi, amekufa. Nimeletewa karatasi inayosema alihudumiwa. Naomba mtu aniambie ni nani aliyemhudumia."

Kufikia saa tano ukumbi ulijaa. Pelagia akaketi kwenye benchi miongoni mwa wagonjwa.

"Wewe mgeni hapa," alisema mwanamke mmoja mwenye mguu uliofungwa kitambaa. "Ukikaa hivyo utaota mizizi."

"Kwani nyie mnasubirije?"

"Hatusubiri. Unatoka nje, unaingia upya, unapiga hodi tena. Kikisikia hodi ya pili kinahangaika kama nyumba inaungua. Mimi napumzisha mguu tu, nakwenda ya pili sasa hivi." Akamtazama Pelagia kuanzia viatu hadi kichwani. "Au wewe umekuja kuposa, mbona umetulia kwa adabu hivyo?"

Watu wa benchi la nyuma wakacheka. Pelagia hakucheka. Maneno "hodi ya pili" aliyajua. Alijaribu kukumbuka aliyaona wapi, na alipokumbuka, akanyanyuka kwenda ofisi ya meneja.

Meneja wa Tulizo, Edgari Rwiza, alimpokea kwa heshima na kumtengea kiti.

"Mama mkaguzi, mimi nasikitika kama binadamu," alisema. "Lakini soma kifungu cha tisa. Mgonjwa atahesabika amehudumiwa pale atakapokaribishwa. Mama yule alikaribishwa baada ya sekunde mbili."

"Akakaa kwa saa saba."

"Endelea kusoma. Asiyeridhika atapiga hodi ya pili, na hodi hiyo itahesabika kuwa lalamiko. Malalamiko yakizidi, kampuni inanyang'anywa kazi. Kwa hiyo mashine inawawahi waliolalamika. Yule mama hakupiga hodi ya pili."

"Kipokezi kilijua kwamba moyo wake unashindwa?"

"Kilijua. Lakini mbele yake kulikuwa na hodi za pili kumi na saba."

"Na wewe ulijua?"

"Mimi naona takwimu, mama. Takwimu za siku ile zilikuwa nzuri." Akaufunga mkataba. "Sisi tuliahidi kilichoandikwa. Aliyeandika ni serikali."

Aliyeandika alikuwa Pelagia, miaka mitatu iliyopita, kwenye kamati ya mkataba. Rasimu ya kwanza ilisema "atakapoonwa na tabibu." Kampuni ililalamika kwamba jambo hilo halipimiki. Ndipo Pelagia, akikumbuka nyumbani kwa mama yake, ambako aliyekaribishwa hakuondoka na njaa, akapendekeza neno "kukaribishwa." Wajumbe walipiga makofi. Alirudi nyumbani siku ile akamshukuru Mungu kwa kumpa neno zuri.

Aliomba picha za kamera za siku aliyokufa Limi. Kabla ya kuzifungua aliinamisha kichwa. "Bwana, nipe macho ya kutazama," alisema, na hakuomba zaidi ya hapo.

Limi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye khanga mbili. Alikaribishwa, akashukuru, akaketi. Saa nne alimpisha mjamzito, akasimama akiegemea ukuta mpaka nafasi ilipopatikana. Saa sita alinyanyuka nusu, akakitazama Kipokezi kinavyohangaika na wengine, kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba aliye na shughuli nyingi. Akakaa tena. Saa saba alifunika miguu yake kwa khanga. Baada ya hapo hakusogea.

Ijumaa Pelagia alijaza taarifa. Fomu ilikuwa na sehemu moja isiyoweza kuachwa wazi: kifungu kilichovunjwa. Aliandika, "Hakuna kilichovunjwa. Kifungu chenyewe ndicho kibaya, nami ndiye niliyekiandika." Mashine ya wizara ikajibu kwamba hicho si kifungu. Akaandika upya. Ikajibu vilevile. Alimpigia mkurugenzi wake, naye akamwambia, "Dada Pelagia, huduma ni ya kampuni. Waulize wao." Saa tisa fomu ilijifunga. Jioni ile mkataba uliongezwa.

Jumamosi mchana alikwenda nyumbani kwa Mzee Kashindye, akamkuta akichuja asali. Alimweleza yote bila kujitetea, hata neno lile na lilivyopatikana. Mzee aliendelea kuchuja mpaka aliposikia habari za saa sita, jinsi mkewe alivyonyanyuka nusu. Hapo akaliweka chujio chini.

"Nilimwomba Mungu anipe mtu mmoja wa kumkasirikia," alisema. "Sasa amekuleta wewe, na unalia kuliko mimi."

"Nisamehe, mzee."

"Nitakusamehe. Hilo nimeamriwa." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ile karatasi itabadilishwa?"

"Hapana."

"Kuna mtu atakayeitwa kujibu?"

"Hapana, mzee. Nimetafuta."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Kikohozi kilimshika, kikakaa kifuani mwake kwa muda mrefu. Pelagia akamtazama kwa hofu.

"Ukiumwa, hospitali ni ile ile," alisema. "Nisikilize. Ukishakaribishwa, usikae. Hesabu dakika tano, utoke nje, uingie, upige hodi tena. Kwa nguvu. Niahidi."

Mzee alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu, akijaribu kujiona akilifanya. Kisha akatazama pembeni, kama aliyeambiwa avue nguo mbele za watu.

"Siwezi, mwanangu," alisema. "Nikishakaribishwa, nitapigaje hodi tena?"