Shimo Namba Saba

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya somo la hesabu, wanafunzi wa darasa la sita wa shule ya Lehtoniemi walivaa mabuti, suruali nene na majaketi ya kuelea, wakashuka ziwani kupima barafu. Walikuwa kumi na wanane na mashimo yalikuwa tisa, kwa hiyo kila wawili walikuwa na shimo lao na keekee yao ya kutobolea. Walitoboa barafu mpaka maji yakapanda juu, wakateremsha rula ndefu yenye kulabu, wakasoma unene na kuuandika kwenye simu. Namba hizo zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa mjini, ndani ya jengo la zamani la kiwanda cha karatasi.

Kompyuta hiyo ilikuwa na ukubwa wa nyumba nzima. Outi, mama yake Helka, alikuwa ameajiriwa kuwashawishi watu waitumie. Kwa miaka mitatu alizunguka kwa waoka mikate, kwa wenye misitu, kwa watafiti wa samaki na kwa madiwani, akieleza jinsi kompyuta kubwa na akili mnemba zinavyoweza kuwarahisishia kazi. Kila mahali alipewa kahawa na andazi la mdalasini, kisha akaambiwa hapana.

"Outi, hiyo mashine yako inaweza kunikamulia ng'ombe?" mfugaji mmoja aliwahi kumuuliza.

"Haikamui. Lakini inaweza kukuambia ni ng'ombe gani ataugua wiki ijayo."

"Mimi mwenyewe nikimtazama tu machoni najua. Karibu kahawa."

Mwishowe halmashauri ya Lehtoniemi ikakubali kufanya majaribio ya msimu mmoja wa baridi. Kompyuta ingejifunza ziwa, itazame hali ya hewa, mikondo na vipimo vya watoto, halafu ichore ramani ya barafu ambayo kila mtu angeiona kwenye simu yake. Kijani, pita. Nyekundu, usipite. Madiwani wangepiga kura mwishoni mwa Januari kuamua kama mpango uendelee. Outi aliiweka roho yake yote kwenye kura hiyo, maana kama wangekataa, kazi yake ingekwisha.

Helka na rafiki yake Nelli walipewa shimo namba saba. Lilikuwa kwenye Shingo, mahali ambapo ziwa hubanwa kati ya rasi mbili na maji hupita kwa kasi chini ya barafu. Kwenda huko ilikuwa ni nusu saa kwa miguu, na upepo wa pale haukuwa na adabu hata kidogo. Jumatatu ya kwanza na ya pili walipima vizuri. Ya tatu, baridi ilifika nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, na nyuma ya rasi kulikuwa na kibanda cha wavuvi chenye mlango usiofungwa.

"Tuingie kidogo tupate moto," Nelli alisema. Mwalimu Jarkko hakuweza kuwaona kutoka kule.

Wakaingia, wakala pipi zao za chumvi. Dakika zikaenda.

"Shimo namba sita lina ngapi?" Nelli aliuliza.

Helka alitazama simu. "Sentimita thelathini na sita."

"Basi letu andika thelathini na nne. Nani atajua? Barafu ni barafu."

Helka akaandika thelathini na nne. Jumatatu iliyofuata akaandika thelathini na saba, na nyingine thelathini na tisa. Hakuona vibaya sana. Kwa kweli aliona kama ametumia akili.

Wiki ya pili ya Januari, Shingo ikageuka kijani kwenye ramani. Outi alifurahi mpaka akaimba jikoni. Hata Mzee Tauno, ambaye alikuwa anamtania kuliko wote, sasa alimsimamisha dukani.

"Hebu nionyeshe hiyo ramani yako. Niondoe miwani au niongeze?"

Mke wa Mzee Tauno, Kerttu, alikuwa kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya ziwa. Kwa barabara ni kilomita arobaini, na basi lilikwenda mara mbili tu kwa wiki. Kwa barafu ni kilomita sita. Kila mwaka mzee huyu aliisubiri Shingo mpaka katikati ya Februari, ndipo apite kwa pikipiki yake ya theluji. Outi alimwekea ramani kwenye simu kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa hiyo naweza kumwona kila siku kuanzia sasa?" Mzee Tauno aliuliza.

"Kila siku," Outi alimjibu.

Alipita siku tatu. Siku ya nne, Alhamisi, barafu ya Shingo ilimmeza yeye na pikipiki yake. Mafundi wawili wa umeme waliokuwa ufukweni walimtupia kamba wakamvuta. Pikipiki ilibaki chini ya ziwa. Hospitalini walimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto, na kwa majuma mawili hakumwona mke wake kabisa.

Kijiji kizima kilikuwa na neno moja: mashine imedanganya. Dukani watu walinyamaza Outi alipoingia. Shuleni hali haikuwa nzuri zaidi.

"Wewe, mashine ya mama yako imemzamisha mzee wa watu," mvulana mmoja alimwambia Helka kwenye foleni ya chakula. "Mwambie airudishe kiwandani itengeneze karatasi za chooni."

Darasa zima lilicheka. Nelli hakucheka. Alimvuta Helka pembeni, karibu na makabati ya viatu.

"Usiseme kitu," alinong'ona. "Ukisema, tumekwisha sote wawili. Mashine haina mama, haiwezi kulia. Waache waseme wanavyotaka."

Helka akanyamaza siku saba. Alikula kidogo, akalala vibaya, na kila simu ya mama yake ilipolia alitoka chumbani. Aliogopa, na woga wake ulikuwa mkubwa kuliko huruma yake. Hilo lilimuumiza kuliko yote.

Siku ya nane, alipotoka shule, alimkuta mama yake mezani mbele ya kompyuta yake ndogo, bado amevaa koti.

"Unaandika nini, Mama?"

"Barua kwa halmashauri. Wanataka maelezo kabla ya kura." Sauti ya Outi ilikuwa imechoka. "Naandika kwamba kompyuta ilikosea. Sijui ilikosea wapi, lakini mtu amepoteza vidole, lazima niseme kitu."

Helka alisimama mlangoni, mkoba ungali mgongoni.

"Haikukosea," alisema.

"Nini?"

"Haikukosea, Mama. Ni mimi. Hatukupima. Tulikaa kibandani. Zile namba za shimo la saba nilizibuni mimi."

Outi alifungua kumbukumbu za kompyuta kubwa, akashuka mstari kwa mstari. Helka alisogea akaona. Kwenye tarehe ya Jumatatu ile ya kwanza ya uongo palikuwa na namba mbili. Ya kompyuta ilikuwa kumi na moja. Ya Helka ilikuwa thelathini na nne.

"Ilijua," Helka alisema, machozi yakimtoka.

"Ndiyo, ilijua. Ilitazama mkondo na hali ya hewa, ikasema kumi na moja. Ikaniuliza mimi: vipimo havilingani, niamini kipi?" Outi alijifunika uso kwa mikono. "Nikaiambia iwaamini ninyi. Ningeweza kumpigia simu Jarkko tu. Ningeweza kwenda mwenyewe na keekee. Lakini kura ilikuwa inakaribia, na nilitaka sana Shingo iwe kijani. Umedanganya, Helka, na ni kosa kubwa. Mimi nimependa uongo wako kwa sababu ulinifaa. Sijui la nani ni kubwa zaidi."

Helka alitegemea kugombezwa. Kumwona mama yake akilia kulikuwa kubaya zaidi.

Outi akaifuta barua yote, akaandika upya.

Jumanne saa kumi alasiri mama na mwana walisimama mbele ya madiwani kumi na saba. Nelli hakuja. Helka alisema yote, bila kumtaja mtu mwingine. Kisha Outi akasema yake. Raili, mwenyekiti wa halmashauri, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa sahihi," alisema.

"Ndiyo."

"Na waliokosea ni watu wawili wa nyumba moja."

"Ndiyo."

"Binti, nakushukuru kwa kusema. Si kazi rahisi, na hapa ndani kuna watu wazima wasioiweza." Raili alivaa miwani yake. "Lakini Outi, nitawaambia nini wananchi? Kwamba mashine ni nzuri ila wanaoilisha hawaaminiki? Hilo haliwatii watu moyo. Tupige kura."

Kumi na nne walikataa, watatu wakakubali. Mpango ukafungwa. Juma lile lile Outi akapigiwa simu kutoka mjini, akaambiwa mkataba wake utakwisha mwezi huo huo. Nguzo zenye utepe mwekundu zikasimikwa Shingo, na tangazo la kumkataza mtu yeyote kupita.

Walikwenda pia kwa Mzee Tauno kuomba radhi. Aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, mguu umefungwa bandeji.

"Nimesikia," alisema. "Kahawa sina."

Katika kijiji kile hata mtu aliyekuja kukuuzia vitu usivyovitaka hupewa kahawa. Helka alirudi nyumbani bila kuinua kichwa.

Mwalimu Jarkko hakusimamisha upimaji, ingawa hapakuwa tena na aliyewaomba. Alibadilisha utaratibu tu. Sasa kila namba ilipelekwa pamoja na picha ya rula ndani ya shimo, na yeye mwenyewe alikwenda Shingo pamoja na wasichana wale wawili. Nelli alikuwa amekiri siku moja baada ya Helka, kwa kilio kingi. Outi aliirekebisha kompyuta kabla ya kukabidhi funguo za ofisi, na watu wa mjini wakaiacha ramani iendelee mpaka barafu iyeyuke. Shingo ikarudi kuwa nyekundu. Ramani sasa ilisema kweli, wala hapakuwa na mtu wa kuitazama.

Jumatatu ya pili ya Februari, darasa liliporudi kutoka ziwani, walimkuta Mzee Tauno ufukweni juu ya pikipiki ya theluji ya kuazima, injini ikinguruma. Outi naye alikuwapo, amekuja kusaidia kubeba keekee, maana siku hizo hakuwa na pengine pa kwenda.

"Tauno, Shingo imefungwa," Jarkko alisema.

"Utepe haunizuii. Wamenipigia simu. Kerttu ameacha kula tangu juzi." Uso wa mzee ulikuwa mweupe. Macho yake yalimtafuta Helka katikati ya watoto, yakamkuta. "Wewe. Namba saba leo ina ngapi?"

Helka alijua mzee anataka kusikia nini. Angempa chochote siku hiyo ili amsamehe.

"Kumi na mbili, Mzee. Na chini imeoza, inameguka."

"Umepima mwenyewe?"

"Nimepima mwenyewe. Mara mbili."

"Na mashine inasemaje?"

"Kumi na mbili."

Mzee Tauno alilitazama ziwa. Nyumba ya wazee ilionekana kabisa ng'ambo, hata moshi wa bomba lake. Mwishowe akazima injini.

"Basi leo sipiti," alisema.

"Gari langu lipo pale juu," Outi alisema upesi. "Twende. Na kama utapenda, nitakupeleka kila siku mpaka Shingo itakapofunguliwa. Muda ninao."

Mzee alisita. Kisha akaanza kupanda mteremko, akichechemea, bila kumshika mtu mkono. Outi alimwomba Jarkko ruhusa, na Helka akaketi kiti cha nyuma.

Walikwenda kilomita nyingi, misitu ikipita pande zote mbili. Karibu na daraja, Mzee Tauno aliongea bila kugeuka.

"Ungeniambia ishirini, msichana, ningekupenda sana leo asubuhi. Na mchana wangekuwa wananitafuta kwa kamba."

"Ndiyo, Mzee."

"Nilikasirikia mashine, nikamkasirikia mama yako, nikakukasirikia wewe. Hasira bado ninayo, na vidole havitaota. Lakini leo umeniambia nisilopenda kusikia, nami nimelisadiki. Unajua kwa nini?"

"Sijui."

"Kwa sababu najua sasa ulivyo ukisema uongo na ulivyo ukisema kweli." Alijifuta pua kwa glavu. "Kompyuta kubwa namna gani, mtu msomi namna gani, wote wanasubiri mtoto mmoja atoboe shimo kwenye baridi. Ukiandika namba, kuna mtu ataikanyaga. Kabla ya kuiandika, jiulize kama wewe mwenyewe ungeikanyaga."

Outi alipunguza mwendo kwenye kona. Helka aliutazama mgongo wa mzee, akajibu kwamba angejiuliza.